Sura ya Nne: Kelele Isiyobisha Hodi

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 ghala la silaha la jeshi lililipuka Gongo la Mboto. Mabomu yalirindima kwa saa kadhaa, watu zaidi ya 20 walikufa, na maelfu walitoka majumbani kwa miguu bila kujua wanakimbilia wapi. Wengi walihifadhiwa Uwanja wa Uhuru, na watoto waliopotezana na wazazi wao wakaandikishwa majina wakingoja kuchukuliwa. Mishindo ilisikika mji mzima wa Dar es Salaam.

Nimeanza na usiku ule kwa sababu hauna la kutufundisha kuhusu usonji. Bomu likilipuka, kila mwenye masikio hushtuka, moyo humwenda mbio, na mtoto humkumbatia mama yake. Anayetaka kumjua mtoto mwenye usonji asimpime kwa mabomu. Amwangalie siku ya kawaida kabisa, tuseme Jumanne saa nne asubuhi, pale muuza juisi wa mtaani anapowasha blenda.

Na Buguruni, hapa Dar es Salaam, siku ya kawaida ina mengi. Mtaa huu umebanwa kati ya Barabara ya Uhuru na Barabara ya Mandela, reli imepita katikati yake, na soko lake huamka kabla ya jua. Pale kituo cha Sheli wapiga debe wanagombea abiria huku wakipiga mabati ya daladala kwa viganja. Fundi wa kuchomelea mageti ana grenda yake. Machinga amerekodi sauti yake mara moja tu, akaipachika kwenye kipaza sauti kidogo, nacho kinarudia bei ileile kutwa nzima. Bodaboda wa siku hizi wana mchezo wa kuizima pikipiki ikiwa kwenye mwendo na kuiwasha tena ili ekzosi ilipuke kama bunduki. Jioni zinaingia sabufa za baa, na mwisho wa wiki, kama kuna shughuli, mtaa unaamua wenyewe kwamba usiku huo hakuna kulala. Mkazi wa Buguruni akiulizwa kuhusu kelele hizi atakujibu kwamba amezoea. Anasema kweli. Sura hii inahusu watoto ambao jibu hilo kwao halipo.

Chukua mfano wa mvulana wa miaka sita anayeishi Buguruni Kwa Mnyamani, nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na ua mmoja. Nimemtunga, lakini mzazi yeyote mwenye mtoto wa aina hii atamtambua. Treni ya mjini, ile watu waliyoipa jina la Mwakyembe ilipoanza Oktoba 2012, inapopita na honi yake, mtoto huyu anaruka kwa furaha na kupunga mikono. Sabufa ya jirani haimsumbui. Wakati mwingine anaifuata na kuegemeza shavu kwenye boksi lake. Lakini blenda ikiunguruma kwenye kibanda cha juisi, anaziba masikio, anapiga yowe, anakimbilia uvunguni mwa kitanda na hatoki hata juisi ikishanyweka. Majirani wanafanya hesabu yao ya haraka: treni ina kelele kuliko blenda, mtoto haogopi treni, basi kwenye blenda anadeka. Shangazi mmoja anashauri fimbo.

Hesabu hiyo ina kosa moja tu, nalo ni la msingi. Inapima ukubwa wa sauti peke yake.

Daktari Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, aliligusa jambo hili mwaka 1943, katika makala yake kuhusu watoto 11 iliyoupa usonji sura yake ya kwanza katika tiba. Alieleza kwamba watoto wake walitishwa na mashine za kufyonza vumbi, lifti, vipigio vya mayai, hata upepo. Kisha akaongeza jambo ambalo nadhani ndilo la thamani zaidi katika kurasa zile, ingawa waliokuja baada yake walichelewa kulifanyia kazi: mtoto yuleyule aliyeogopa kelele aliweza kupiga kelele kubwa kama hiyo yeye mwenyewe, tena akafurahi. Kilichomtisha kilikuwa kuvamiwa. Kelele aliyoianzisha mwenyewe anajua itakuja lini na itakwisha lini, na mkono unaoweza kuizima ni wake.

Sasa mrudie mvulana wa Kwa Mnyamani. Treni huanza kusikika mbali, hukua, hupita, huisha. Tena huja nyakati zilezile. Sabufa ina mdundo, na mdundo ni ahadi kwamba kishindo kinachofuata kitakuja mahali pake. Blenda haina ahadi. Muuza juisi huiwasha mteja akija, na mteja huja anapotaka. Waswahili hatuingii nyumba ya mtu bila hodi, hata mlango ukiwa wazi, hata mwenyeji akiwa ndugu. Blenda imeingia bila hodi, tena imeingia kichwani.

Ilichukua muda mrefu kabla ya wakubwa wa tiba kulipa jambo hili uzito wake. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, unaotumiwa na madaktari wengi duniani, uliingiza tofauti za kupokea sauti, mguso, mwanga na harufu katika vigezo vya usonji katika toleo lake la tano la mwaka 2013, miaka 70 baada ya Kanner. Hapo katikati wazazi wengi waliambiwa kwamba kuziba masikio ni tabia ya pembeni. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba watu wapatao 4 kati ya 10 wenye usonji wanaumizwa na sauti ambazo wengine wanazivumilia, na wapatao 6 kati ya 10 wamewahi kuwa hivyo katika kipindi fulani cha maisha. Hayo ya pembeni ni mengi mno.

Kuna nini ndani ya kichwa? Masikio yenyewe, ukiyapima, mara nyingi ni mazima. Mwaka 2015 Shulamite Green na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti ambao ungeweza kufanywa kwa sauti zilizorekodiwa pale Sheli. Waliwaingiza watoto na vijana kwenye mashine inayopiga picha za ubongo unaofanya kazi, wakawasikilizisha kelele za magari barabarani huku wakiwagusisha kitambaa cha sufu kinachokwaruza. Kila kitu kilirudiwa mara kadhaa. Kwa watoto wasio na usonji, ile sehemu ndogo ya ubongo inayopiga mbiu ya hatari ilianza kwa nguvu kisha ikapoa. Ubongo ulishaamua kwamba hizi ni gari tu. Kwa watoto wenye usonji ambao wazazi wao walisema wanasumbuliwa sana na hisia, haikupoa. Mara ya mwisho iliwagusa karibu kama mara ya kwanza.

Kwa hiyo kile ambacho mkazi wa Buguruni anakiita kuzoea ni kazi inayofanywa na ubongo wake bila yeye kuombwa, na ubongo wa mtoto huyu hauifanyi ipasavyo. Kumwambia azoee ni kumdai kitu asichonacho. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba si watoto wote wenye usonji waliokuwa hivyo. Wale wasiosumbuliwa na hisia walizoea kama wenzao, na kwao sehemu ya mbele ya ubongo ilionekana kuishika ile sehemu ya hatari na kuituliza.

Tofauti hiyo kati ya mtoto na mtoto inawachanganya wazazi kuliko jambo jingine lolote, nami naona inafaa tukae nayo kidogo. Yupo mtoto anayeziba masikio. Yupo anayeitwa jina lake mara tano, sita, na hageuki, sahani ikidondoka nyuma yake hashtuki, lakini karatasi ya peremende ikifunguliwa chumba cha pili anatokea mbio. Yupo anayezitafuta kelele, anayegonga sufuria kwa mwiko mpaka wapangaji wenzenu wanagombana nanyi. Na yupo mmoja ambaye ni hao wote watatu kwa siku moja, kutegemea amelala vipi, amekula nini na tayari amevumilia mangapi tangu asubuhi. Mzazi aliyesikia kwamba watoto wenye usonji huogopa kelele, akamtazama wake anayegonga sufuria, anaweza kujiridhisha kwamba mwanawe hana usonji. Anakosea.

Huyo asiyegeuka akiitwa ndiye anayepoteza miaka mingi zaidi. Jirani wa kwanza atasema ni kiziwi, na Buguruni ushauri huo una mahali pa kuelekeza, maana Shule ya Viziwi Buguruni iko hapahapa tangu 1974 na kila mtu anaijua. Kupima masikio ni hatua ya kwanza iliyo sahihi kabisa. Wala usimruhusu mtu akwambie uiruke, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na usonji na uziwi pamoja. Tatizo huja majibu yakirudi kwamba anasikia. Wazazi wengi hupumua, hurudi nyumbani na kungoja aseme. Majibu hayo ndiyo yangewapeleka hatua ya pili, kwa daktari wa watoto na kwa kliniki ya afya ya akili ya watoto kama ile ya Muhimbili. Vivyo hivyo kwa mtoto anayeshtuka kisha akakakamaa, au akakodoa macho na kupotea kwa sekunde kadhaa: kifafa huwapata watoto wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko wenzao, na kina dawa.

Wengine huenda kwanza kwa mganga. Joseph Gona na wenzake waliwahoji wazazi na wataalamu wa Mombasa na Kilifi, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2015, na sababu zilizotajwa ni zilezile ambazo ungezisikia Ilala: mashetani, uchawi, laana, pamoja na za hospitalini kama maambukizi na matatizo ya kujifungua. Sina ugomvi na dua. Nina ugomvi na matibabu yanayomweka katikati ya ngoma mtoto ambaye maumivu yake ni ngoma.

Mabadiliko ya ghafla watu huyaweka kwenye sura nyingine, kana kwamba ni tatizo la pili. Mimi naona ni jambo lilelile. Pawan Sinha wa chuo cha MIT na wenzake walipendekeza mwaka 2014 kwamba mengi ya usonji yanatokana na ubongo unaopata shida kukisia kinachofuata. Bado ni nadharia, na haielezi kila kitu, lakini inaunganisha blenda na mambo ambayo mama wa yule mvulana huyaona kila wiki: chai imetiwa kwenye kikombe cha kijani badala ya cha bluu, na nyumba imewaka moto; njia ya kwenda kwa bibi imepindia kwenye genge lingine, na mtoto amejitupa chini katikati ya watu. Kanner aliyaona haya pia, shauku ya kutaka kila kitu kibaki kilivyokuwa. Mtu ambaye dunia inamshtua kila saa hushikilia vichache anavyovijua. Kikombe cha bluu ni mojawapo.

Mji wetu hauwasaidii. Ujenzi wa awamu ya tatu ya mabasi yaendayo haraka umepita Barabara ya Uhuru, na kwa muda wote wa ujenzi vituo vilihama, vivuko vilizibwa, na daladala zikapinda kona ambazo jana hazikuwepo. Mtu mzima alilaumu foleni. Mtoto aliyeishika njia kwa alama, mti huu, bango lile, ukuta wa njano, aliamka siku moja akakuta ukuta umebomolewa. Kabla ya hapo, tarehe 17 Machi 2020, serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona, na wanafunzi wa msingi hawakurudi hadi tarehe 29 Juni. Watoto wengi walishangilia. Kwa mtoto mwenye usonji, sare iliyoanikwa kwenye kamba na isivaliwe ni swali linaloulizwa kila asubuhi bila jibu.

Hapa lazima nitofautishe mambo mawili ambayo kwa mbali yanafanana. Mtoto anayelilia biskuti dukani huku akikutupia jicho kuona kama umelainika anafanya biashara. Mpe biskuti, kilio kitakoma. Mtoto aliyelemewa haangalii mtu. Mpe biskuti ataitupa, mpige atazidi, mkemee hatakusikia kwa sababu sauti yako imekuwa kelele ya ziada. Huyu anahitaji vitu vipungue: watu wasogee, spika izimwe kama inazimika, mtu mmoja akae karibu bila kusema mengi. Wanaokusanyika kutazama wanafanya madhara zaidi ya blenda yenyewe.

Sasa suala la kelele zenyewe. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu mwaka 2015, na mwaka 2023 NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilifungia baa na kumbi kadhaa mijini kwa kuzivunja. Mzazi ana haki ya kulalamika, na nawatia moyo waliolalamika. Lakini sitamdanganya msomaji kwamba Buguruni itanyamaza kwa ajili ya mwanawe. Wapo wanaoshauri kuhamia pembeni ya mji. Kwa aliyepanga chumba kimoja na anayetegemea soko la Buguruni kwa riziki, huo ni ushauri wa watu wenye kiwanja.

Kinachowezekana ndani ya chumba kimoja ni hodi. Kelele hutaipunguza, ila unaweza kuitangaza. Siku ya dabi ya Kariakoo mtoto haelewi kwa nini mtaa mzima unalipuka kwa mayowe kisha unanyamaza. Goli halitabiriki, lakini mechi inatabirika: Simba na Yanga hawajawahi kukutana kwa siri. Anaweza kuambiwa tangu asubuhi, akaonyeshwa jezi, akaambiwa watu watapiga kelele, akapewa kona yake nyuma ya kabati na godoro lake, na kanga ya mama ikawa pazia. Kwa mtoto ambaye maneno hayamkai, tumia vitu na picha. Jimbo la North Carolina nchini Marekani lilianzisha mwaka 1972 mpango wa TEACCH, ukiongozwa na Eric Schopler, ambao uliweka msingi wa kumwonyesha mtoto siku yake kwa macho. Hauhitaji kompyuta. Ndoo maana yake kuoga, kofia maana yake kutoka, na ukutani chaki inachora daladala kabla ya bibi. Njia ikibadilika, daladala inafutwa mbele ya macho yake na bajaji inachorwa badala yake.

Vizibo vya masikio vinasaidia, hasa vile vikubwa wanavyovaa mafundi, na Kariakoo maduka ya vifaa vya usalama kazini huviuza. Mvalishe anapopita Sheli au kwenye grenda, mvue akifika. Akishinda navyo kutwa, masikio huzoea ukimya na kelele ndogo zikaanza kumuuma. Sokoni nenda naye mapema kabla watu hawajajaa, mwendo mfupi, kwa kitu kimoja tu, mrudi. Na muuza juisi akikubali, na wengi wakielezwa hukubali, mtoto asogezwe hadi kwenye blenda ikiwa imezimwa, aishike, kisha siku nyingine abonyeze mwenyewe sekunde moja. Kisha mbili. Hapo ndipo maneno ya Kanner yanapolipa. Wapo watoto ambao baada ya wiki kadhaa ndio wanaogombea kubonyeza. Wapo ambao hawatafika hapo, na hao waachwe wapite upande wa pili wa barabara.

Shuleni ndiko ninakoona uzembe usio na kisingizio. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, inampa mtoto huyu nafasi katika shule ya kawaida, na Ilala kuna shule ya serikali, Uhuru Mchanganyiko, ambayo kwa miaka mingi imewasomesha watoto wenye ulemavu na wasio nao pamoja. Lakini nafasi darasani haifai kitu ikiwa kila kipindi kinaanza kwa chuma kugongwa kwenye rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni. Temple Grandin, profesa Mmarekani mwenye usonji, ameeleza kwamba kengele ya shule utotoni mwake ilimuuma kama mashine ya daktari wa meno inapogusa mshipa. Yeye alikuwa na maneno ya kueleza, ukubwani. Wanafunzi wa darasa la kwanza hawana. Wanachokifanya ni kuikimbia shule, na daftari la mahudhurio linaandika mtoro.

Wakuu wa shule mnaosoma sura hii, rimu hiyo iko chini ya amri yenu. Mtafuteni mtoto anayeziba masikio kila kengele inapolia. Mpigaji amwonyeshe chuma dakika moja kabla hajakigonga, au mpeni mtoto mwenyewe kazi ya kukigonga.